Paka Yuko, Kiti Kiko: Acheni Kutufundisha Kijapani kwa Kiingereza

Leo sina utani mwingi. Nimechoka kuona Wakenya wenye akili timamu wakikwama kwa arimasu na imasu, halafu wanaambiwa eti Kijapani ni kigumu. Kijapani kina ugumu wake, sikatai. Kanji ziko, lugha ya heshima iko, na zitakutoa jasho. Lakini hii ya kusema kitu kipo mahali? Hii tunaijua tangu tukiwa watoto. Shida ni kwamba tunafundishwa kwa kuzungushwa kwenye Kiingereza, ni kama kutoka Nairobi kwenda Thika kwa kupitia Kisumu. Utafika, lakini umechoka na nauli imeisha.

Kwa wale ambao hawajaanza kusoma, acha niwaeleze haraka. Kijapani kina vitenzi viwili vya kusema kitu kipo. Arimasu na imasu. Kwa kamusi utavipata kama aru na iru. Kiti, kitabu, simu, pesa, mti, mtihani, hivyo vyote ni arimasu. Mtu, paka, mbu, simba, hao ni imasu. Ukitaka kusema juu ya meza kuna kitabu, unasema "tsukue no ue ni hon ga arimasu." Ukitaka kusema chumbani mna paka, unasema "heya ni neko ga imasu." Hiyo iko somo la 10 kwenye Minna no Nihongo, na somo la 4 kwenye Genki. Yaani ni mambo ya wiki za kwanza kabisa. Bado kuna watu wanafika hapo wanafunga kitabu.

Kwa nini? Angalia vile inafundishwa. Darasani kwetu mwalimu aliandika ubaoni "there is", halafu akachora mistari miwili. Huku "living things", kule "non-living things". Imasu ni ya vitu vyenye uhai, arimasu ni ya vitu visivyo na uhai. Tukaandika. Dakika tano baadaye akatoa mfano: "niwa ni ki ga arimasu", bustanini kuna mti. Dada mmoja nyuma akainua mkono. Mwalimu, mti si una uhai? Si tulisoma kwa sayansi mti unapumua, unakula, unazaa? Mwalimu akasema hiyo ni "exception", kariri tu. Na maua? Exception. Nyasi? Exception. Sasa jamani, kama mimea yote ya dunia ni exception, hiyo kanuni ilikuwa ya nini?

Yule dada hakuwa mjinga. Alikuwa amepewa kanuni mbovu, akaijaribu, ikavunjika mkononi. Nusu ya darasa ilitoka hapo ikiamini Wajapani wana maajabu yao ambayo mtu wa kawaida hawezi kuelewa.

Sasa hebu chukua Kiswahili. Kiti kiko wapi? Kitabu kiko wapi? Sawa. Kifaru je? Hapa hakuna mtu aliyepita darasa la sita atasema "kifaru kiko wapi" na asisahihishwe. Ni kifaru yuko wapi. Kiboko yuko. Chura yuko. Kipepeo yuko. Kijana yuko, kipofu yuko. Jina linaanza na ki au ch, umbo lake ni kama la kiti na chumba, lakini sisi hatujali umbo. Tunauliza swali moja tu, huyu ni mtu au mnyama? Kama ndiyo, anaingia A-WA, kwisha maneno. Na mti? Mti uko. Ua liko. Nyasi ziko. Hakuna mtoto wa Kiswahili amewahi kusema "mti yuko nje" kwa sababu mti unapumua. Haijatokea.

Umeona? Mstari ambao Mjapani anauchora kati ya imasu na arimasu ndio uleule ambao sisi tunauchora kati ya yuko na vingine vyote. Watu na wanyama upande huu, mimea na vitu upande ule. Hata mambo ya roho yanakubaliana. Jini yuko, shetani yuko, na Mjapani akisema mzimu upo anasema "yuurei ga imasu". Kwa hivyo kanuni yangu ni ya mstari mmoja. Kabla hujafungua mdomo, sema sentensi yako kwa Kiswahili sanifu kichwani. Ikitoka yuko au wako, ni imasu. Ikitoka kiko, uko, liko, iko, ziko, viko, chochote kile kingine, ni arimasu. Mwanafunzi wa Kenya aliyepigwa ngeli tangu msingi anakuja na ngeli tele kichwani, na Mjapani anamwomba atumie mbili tu. Hiyo ni likizo!

Najua mtu atakuja na samaki. Ndiyo, samaki wana mambo yao. Samaki akiogelea mtoni ni imasu, akilala kwenye barafu sokoni ni arimasu, kwa sababu sasa ni chakula. Kiswahili sanifu hapo hakifuati, samaki ni samaki hata akiwa kwa sufuria, bado ni "samaki huyu". Lakini nenda Gikomba uulize "samaki iko?" Mama atakujibu "iko, za ngapi?" Huyo mama hajui Kijapani hata neno, na bado amegawanya dunia vilevile kama muuza samaki wa Tokyo. Hapo Kiswahili cha mtaa kimeshinda kile cha kitabu. Kuna pia mambo ya teksi au basi lenye dereva limesimama likisubiri watu, Wajapani wengine husema imasu kwa sababu linaonekana kama kitu kinachojiendesha. Hayo utayaokota njiani. Usianze nayo.

Tuendelee, maana hapa ndipo nilipokasirika zaidi. Angalia tena "heya ni neko ga imasu". Heya ni chumba. Sasa hiyo "ni" inafanya nini? Inakaa nyuma ya neno na kusema ni mahali. Heya ni, chumbani. Gakkou ni, shuleni. Uchi ni, nyumbani. Yaani Mjapani anaweka ni palepale tunapoiweka sisi, mwisho wa jina, kwa kazi ileile! Sisemi lugha hizi ni ndugu. Si ndugu, ni bahati tu, kama vile wewe na mtu wa Peru mnaweza kuvaa shati moja. Lakini bahati ikija mlangoni unaifungulia. Kiingereza kinaweka neno la mahali mbele, "in the room", "at school", kwa hivyo ukipitia huko inabidi ugeuze sentensi kichwa chini miguu juu, halafu uigeuze tena. Kwa Kiswahili hugeuzi kitu. Chumbani mna paka. Mahali kwanza, ni nyuma yake, kisha kilichomo. Tofauti ni kwamba Mjapani anasubiri mpaka mwisho kuweka kitenzi.

Mahali ambapo utahitaji kuwa macho ni mbili. Sisi hatusemi Mombasani wala Nairobini, majina ya miji hayataki ni, lakini Kijapani kinataka kila mahali, Nairobi ni, Osaka ni. Na ile ni yetu nyingine, ya "mimi ni mwanafunzi", hiyo haiko huko kabisa. Usije ukasema "watashi ni gakusei". Ukikumbuka hayo mawili umepita.

Halafu kuna ile vita ya wa na ga, ambayo watu wameandikia vitabu vizima. Sitajifanya naimaliza leo, lakini kwenye mambo ya kuwepo, sisi tuna ufunguo mfukoni. Kuna tofauti gani kati ya "juu ya meza kuna kitabu" na "kitabu kiko juu ya meza"? Kila mtu anaisikia. Ya kwanza nakupa habari mpya, hukujua kuna kitabu. Ya pili tulikuwa tayari tunaongea kuhusu kitabu, unakitafuta, nakuambia kiko wapi. Kijapani ni hivyohivyo. Tsukue no ue ni hon GA arimasu, juu ya meza kuna kitabu. Hon WA tsukue no ue ni arimasu, kitabu kiko juu ya meza. Kuna ni ga. Kiko ni wa. Ukiuliza kitabu kiko wapi, ni "hon wa doko ni arimasu ka", kwa sababu huwezi kutafuta kitu ambacho hakijatajwa. Kiingereza kinaeleza hii kwa "a book" na "the book", vijineno ambavyo Kiswahili hakina na Kijapani hakina. Hebu fikiria. Lugha mbili ambazo hazina kitu fulani, unazifundisha moja kwa kutumia hicho kitu ambacho zote hazina. Nani alipanga hii?

Na "kuwa na" je? Hapo ndipo Kiingereza kinaharibu kabisa. Mwingereza ana "there is" upande mmoja na "have" upande mwingine, kwake hayo ni mambo mawili tofauti. Akifika Kijapani anashangaa kwa nini arimasu inafanya kazi zote mbili. Kwenye Minna no Nihongo, kumiliki kunakuja somo la 9 na kuwepo somo la 10, na sisi tulifundishwa kama wageni wawili wasiojuana. Lakini sisi Waswahili tunasemaje? Kuna gari. Nina gari. Ni na ileile! Mahali pana kitu, mimi nina kitu, mtu ana kitu. Kuna, pana, mna, nina, una, ana, familia moja. Na Nairobi tumeenda mbali zaidi, tunasema "niko na gari", "uko na pesa?" Walimu wa Kiswahili wanatukemea kwa hiyo, na labda wana haki yao, lakini hiyo "niko na" ni kuwepo waziwazi imevaa nguo za kumiliki. Mjapani anasema "watashi wa kuruma ga arimasu": kwa upande wangu mimi, gari lipo. Na akiwa na dada mdogo ni "imouto ga imasu", kwa sababu dada ni yuko. Ukiwa na watoto wawili, "kodomo ga futari imasu", watoto wako wawili. Hata kukataa kunaenda pamoja. Okane ga arimasen inaweza kuwa hakuna pesa au sina pesa, na wakiwa na marafiki wanakata, "okane ga nai". Mwisho wa mwezi hizo sentensi mbili ni moja tu popote duniani.

Nikiwa hapo kwa arimasu, wacha niibe dakika. Lile arigatou ambalo kila mtu analijua limetokana na aru. Ari, kuwepo, na katai, ngumu. Kitu ambacho ni vigumu kuwepo, kitu adimu. Hiyo ndiyo shukrani yao. Mimi nilipolijua hilo nilikaa kimya kidogo.

Koko, soko, asoko pia msininyamazishe. Kiingereza kina "here" na "there" tu, kwa hivyo mwalimu anatumia nusu saa na michoro ya watu wawili wamesimama. Koko ni hapa nilipo. Soko ni hapo ulipo wewe. Asoko ni pale, mbali na sisi wote. Hapa, hapo, pale. Tatu kwa tatu. Nusu saa ya nini? Kitu cha kukumbuka tu ni kwamba soko ya Kijapani haiuzi sukuma.

Sasa mtu atasema, wewe unapiga kelele kwa sababu ya sarufi, kwani kuna nini cha kupoteza? Kuna. Tangu Aprili 2019 Japani ina visa ya tokutei ginou kwa wafanyakazi wa kigeni wenye ujuzi, na kazi moja kubwa humo ni kaigo, kuhudumia wazee. Ili uipate unahitaji kupita JLPT kiwango cha N4 au JFT-Basic, na kwa kaigo kuna mtihani wa Kijapani cha kazi hiyo pia. Wakenya wanaitaka hiyo nafasi. Wazazi wanauza vitu vya shamba kulipa karo ya lugha. Na wengi wa hao vijana hawakupata A ya Kiingereza. Wengine walipata D. Darasa likiendeshwa kwa Kiingereza, huyo mtu anasoma lugha mbili kwa wakati mmoja na analipia moja. Akikwama, haambiwi Kiingereza kimemkwamisha. Anaambiwa hana kichwa cha lugha. Mtu anayeongea lugha ya mama, Kiswahili na Sheng kila siku bila kufikiri! Lugha tatu, na hana kichwa cha lugha.

Na kosa lenyewe si dogo. JLPT haina sehemu ya kuongea, unachagua majibu tu, kwa hivyo unaweza kupita na bado mdomo wako uwe unachanganya. Siku ya kwanza kazini, muuguzi anakuuliza mzee Yamada yuko wapi. Unajibu "niwa ni arimasu". Atakuelewa, ndiyo. Lakini alichosikia ni "mzee Yamada kiko bustanini". Umemfanya mzee wa watu chungu cha maua, na mtoto wake amesimama pale anasikiliza. Jaribu kusema hivyo kuhusu nyanya ya mtu hapa kwetu uone kama utamaliza sentensi. Mtu aliyefundishwa kwa "living and non-living" anafanya kosa hilo kwa sababu alikariri orodha, na orodha hupotea ukiwa na wasiwasi. Mtu aliyefundishwa kwa yuko na kiko ana sikio tayari. Sikio lake litamkataza kabla mdomo haujafika.

Nimeambiwa mara kadhaa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kufundishia sarufi. Hiyo ni uvivu. Tuna ngeli, kitenzi, kiambishi, kielezi, tumefanyia mtihani maneno hayo miaka na miaka. Nimeambiwa pia kwamba vitabu vyenyewe viko kwa Kiingereza. Sawa, kitabu kiko kwa Kiingereza, kwani mwalimu ana mdomo wa kitabu? Anaweza kufungua ukurasa uleule akasema "hii ni yuko, hii ni kiko" na darasa likaenda nyumbani mapema.

Sababu ya kweli tunaijua na hatupendi kuisema. Kiingereza kinaonekana cha bei. Darasa la Kijapani kwa Kiswahili litaonekana la watu wa chini, na mwenye darasa anaogopa hatapata wateja. Huku Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili kama somo kamili la shahada. NHK World ina matangazo ya Kiswahili. Wajapani wamekaa chini wakasoma ngeli zetu na jasho likawatoka, wakaona zinafaa kusomwa. Sisi tuliozipata bure tunaziacha mlangoni kama viatu vyenye matope.

Kuna hoja moja ninaiheshimu. Kwamba Kiswahili chetu cha Nairobi kimeshapoteza hizo ngeli, tunasema "mwalimu iko", "paka iko", kila kitu iko, kwa hivyo ufunguo wangu haufungui. Kuna ukweli hapo. Ukitumia "iko" kwa kila kitu utasema arimasu kwa kila kitu, pamoja na nyanya ya watu. Ndiyo maana nilisema Kiswahili sanifu kichwani. Lakini angalia, hata anayesema "paka iko" akisikia redioni "paka yuko" hashtuki, anajua. Imelala tu. Kuamsha kitu kilicholala ni rahisi kuliko kupanda mbegu ya Kiingereza kwenye shamba la mtu mwingine. Na nimeona wanafunzi wangu wa mtandaoni wakifanya Kijapani, Kiswahili chao nacho kinarudi. Mmoja aliniandikia kwamba sasa anamsahihisha mamake. Nilimwambia pole pole na hiyo.

Wale mnaofanya mtihani wa Desemba, fanyeni hivi wiki hii. Tembea ndani ya nyumba yako, gusa vitu, taja kila kimoja mara mbili. Sufuria iko jikoni, nabe wa daidokoro ni arimasu. Mtoto yuko nje, kodomo wa soto ni imasu. Mende yuko chini ya kitanda, na huyo ni imasu, hata kama unatamani awe arimasu. Fanya na vitu ishirini, kwa sauti, bila kuandika.

Wiki ijayo tunaingia kwa "de". Kitu kikiwa ni tukio, kama mkutano au sherehe, mahali pake hapatumii ni tena, panatumia de: "gakkou de paatii ga arimasu", shuleni kuna sherehe. Hapo Kiswahili hakitusaidii hata kidogo, kwetu yote ni shuleni. Kwa hivyo njoo na kalamu na uvumilivu.